Mkono wa Dada Dobi

Mtaa mzima humwita Mama Futi, na hakuna anayekumbuka nani alianza. Futi yenyewe, ule utepe wa kupimia, humning'inia shingoni tangu asubuhi anapofungua chumba chake cha kushonea hadi jioni anapokifunga, na zaidi ya mara moja amekwenda nayo msibani bila kujijua. Imechakaa mpaka namba za mwanzo zimefutika. Hajali. "Za mwanzo za nini?" husema. "Mimi sishonei panya."

Ukipita mbele ya mlango wake, kabla hujamaliza salamu ameshajua upana wa mabega yako na mahali kiuno kinapojificha. Hata hivyo atakupima, tena atakurudia, kwa sababu aliyemfundisha kazi alimwambia kitambaa hakina msamaha, ukishakikata, kimekatika. Wanawake wa mtaa ule wamepita wote chini ya utepe huo. Anajua nani amenenepa huku akijisifu kwamba amepungua. Anajua mimba ya nani imetunga kabla mumewe hajaambiwa. Anajua, na hasemi. "Fundi wa nguo ni kama daktari," hupenda kusema huku pini zimembana mdomoni. "Anaona mengi, anashona kimya."

Ulikuwa mzaha tu, mpaka presha ilipomfuata mwenyewe kwenye cherehani.

Ilianza kwa kichwa kuuma nyuma, karibu na shingo, akadhani ni kuinama. Muuguzi wa zahanati, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alimpima, akampima tena, akamwambia presha yake iko juu na atahitaji dawa kila siku. Kisha akamwuliza kama ana simu. Zahanati ilikuwa imepata programu ya kusaidia wagonjwa wa presha wakiwa nyumbani: asubuhi simu inakukumbusha dawa kwa sauti ya mtu, unajipima, unaandika namba, na kioo cha simu kinageuka rangi. Kijani, njano au nyekundu.

"Namba zenyewe mbona mbili?" Mama Futi aliuliza. "Mtu si ana moyo mmoja?"

Muuguzi akacheka, akavuta kiti. Akamweleza kwamba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapoisukuma, na ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapotulia kabla ya kusukuma tena. Mama Futi alitazama sakafuni. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukicheza wenyewe, kama uko juu ya pedali.

"Basi ya juu ni nikikanyaga," alisema. "Ya chini ni nikiachia."

"Hivyo hivyo," muuguzi akasema. "Wenzako waeleze hivyo hivyo."

Akaeleza. Alieleza kwa kila aliyeleta zipu ya kubadilisha au sare ya mtoto ya kushusha pindo, na wengi waliosikia wakaenda kupimwa. Muuguzi alipoona wamekuwa kundi, akaleta mashine mbili za kupimia. Moja ikae kwa Mama Futi, nyingine ikae upande wa chini wa mtaa, kwenye ua wa dada yake mkubwa, maana sehemu hizo mbili hazikauki watu.

Dada huyo ni dobi, na jina lake ni kazi yake: Dada Dobi. Mmoja anashona, mwingine anafua. Watu husema nguo ya mtaa ule huzaliwa kwa mdogo na kulelewa kwa mkubwa. Mikono ya Dada Dobi imekamua mashuka ya nyumba ya wageni tangu ujana wake, na imekuwa minene, migumu, inayong'aa kwa maji na sabuni. Anajivunia mikono hiyo kama mwingine anavyojivunia nywele. Siku alipopimwa naye na kukutwa na presha, mkanda wa kawaida wa mashine haukumtosha. Muuguzi alilazimika kumtafutia mpana. "Andika huko zahanati," Dada Dobi alimwambia, "kuna mtu ameshinda mkanda wenu."

Ni yeye aliyelipatia kundi lao la simu jina la Wenye Mishipa. Kwa kuwa wengi macho yao hayapendi tena herufi ndogo, walikubaliana kutuma sauti badala ya maandishi. Muuguzi naye aliomba kila anayejipima atume picha ya mkono wake ukiwa na mkanda, mashine ikiwa pembeni, pamoja na rangi aliyopata, ili aone kama wanaufunga sawasawa: mkono wazi, juu ya kiwiko, si juu ya nguo.

Siku ya kwanza Dada Dobi kupata kijani, Mama Futi alishindwa kujizuia. Aliweka mkasi chini, akashika simu, akapiga kigelegele kirefu mpaka mteja aliyekuwa akijaribu sketi nyuma ya pazia akachungulia kuuliza ni harusi ya nani. Wenzake wakaitikia. Tangu hapo ikawa desturi: kijani kina vigelegele. Nyekundu ilipata "pole." Mke wa fundi viatu alipotuma nyekundu yake aliambiwa pole, kisha kundi likanyamaza, kama watu wanaopisha jeneza. Hakuna aliyekusudia ubaya. Watu hawajui tu waseme nini.

Picha za Dada Dobi ziliendelea kuja za kijani, na vigelegele vikaendelea.

Asubuhi moja Mama Futi alikuwa akiunga mkono wa gauni kwenye bega, kazi ambayo haitaki haraka, ndipo simu ikalia. Picha ya Dada. Kijani. Alikuwa ameshajaza hewa kifuani apige kigelegele, hewa ikamganda.

Akasogeza simu karibu na dirisha.

Ule mkanda mpana, ambao kwa Dada Dobi ulikutana kwa shida kama majirani waliogombana, hapa ulizunguka mkono na kupitiliza, ukalala juu ya wenyewe kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Na kile kiwiko kilichochongoka kama fundo la kamba! Mkono wa dada yake hauna kiwiko cha kuonekana; una kishimo tu, cha kupendeza, alichokichezea alipokuwa mdogo akibebwa. Aliunyoosha utepe juu ya kioo cha simu, akacheka kidogo kwa upuuzi wake, kisha cheko likamwisha.

Akarudi nyuma kwenye picha zilizotangulia. Kiwiko kilekile. Nyingine, kilekile. Wiki baada ya wiki, mkanda umefungwa vizuri, mkono wazi, juu ya kiwiko, kila kitu sawasawa kama muuguzi alivyofundisha, ila mwenye mkono ndiye si mwenyewe. Na kila picha chini yake kigelegele, na cha kwanza ni chake yeye.

Mtaa mzima una mkono mmoja tu kama ule. Ni wa jirani wa Dada Dobi, muuza mayai wanayemwita Njiti.

Mama Futi aliinuka bila kukata uzi. Moyoni mwake alikuwa akimwona mama yao. Mama naye alipewa vidonge, akavinywa mpaka akajisikia vizuri, akasema, "Nimepona, wanangu, kidonge ni cha mgonjwa," akavificha kwenye kopo la sukari. Akaanguka akichota maji, hakuinuka tena. Watu walisema ni upepo, ni jicho la mtu. Wale dada wawili walizeeka kidogo kabla ya kujua kwamba hakukuwa na jicho la mtu yeyote.

Uani kwa Dada Dobi mashuka yalikuwa yameanikwa safu kwa safu, meupe kama karatasi. Njiti alikuwa amekaa kwenye kigoda akipanga mayai kwenye trei. Alipomwona Mama Futi akasimama.

"Ndiyo nilikuwa natoka, dada."

"Kaa. Nipe mkono wako."

"Wa nini?"

"Nataka kukushonea blauzi."

"Sijaleta kitambaa."

"Kipimo nimeshatumiwa kwenye simu."

Njiti akakaa, akatazama mayai kama ndiyo yatakayomtetea. Nyuma ya mashuka Dada Dobi akaangua kicheko, akatokea akijifuta mikono kwenye kanga.

"Mdogo wangu, leo umekuja na futi au na pingu?"

"Dada, dawa unakunywa?"

"Karibu kwanza. Hata salamu hakuna?"

"Shikamoo. Dawa unakunywa?"

"Marahaba. Nilipona." Alisema bila kupepesa. "Simu yenu wenyewe ilisema kijani. Kijani maana yake nini? Gari likiona kijani linasimama? Kijani ni pita. Mimi nikapita."

"Kijani ni dawa inafanya kazi, dada. Gauni likikaa sawa ni kwa sababu uzi upo. Ukiuchomoa uzi eti kwa sababu gauni limekaa sawa…"

"Mimi si gauni. Usinishone."

"Sawa, wewe si gauni. Kama umepona, Njiti umemfunga mkanda wa nini?"

Tone la maji lilidondoka kutoka kwenye shuka, na jingine. Njiti alijikohoza. "Mimi niliambiwa ni kwa ajili ya kuijaribu mashine," alisema. "Mara ya kwanza. Mara nyingine nikapewa chai."

"Nyamaza, Njiti," Dada Dobi alisema, lakini bila nguvu. Akaketi ukingoni mwa karai. "Ilikuja nyekundu. Nikasema mashine imechoka. Ikaja tena nyekundu. Sasa ningefanyaje? Mke wa fundi viatu alipotuma nyekundu mlimwambiaje? Pole. Pole moja, kisha kimya. Mimi mlinipigia vigelegele hadi simu ikaisha chaji. Nani anavirudisha vigelegele, mdogo wangu? Wewe ungevirudisha?"

Mama Futi alikuwa amekuja na maneno mengi, ameyapanga njia nzima. Sasa alikumbuka mkasi ukiwekwa chini, na mteja akichungulia nyuma ya pazia. Ni yeye aliyeikata desturi ile bila kuipima.

"Nipe mkono," alisema taratibu. "Wako."

Alimkalisha mgongo ukutani, miguu chini, kiganja juu ya kiti. Akamfunga mkanda. "Na usiseme."

"Kwa nini nisiseme?"

"Ukisema namba inapanda."

"Basi ndiyo maana yangu iko juu, maisha yote nimesema."

"Dada!"

Akanyamaza. Mashine ikavuma, ikabana, ikaachia polepole. Walitazama wote watatu. Namba ya juu ilikuwa karibu mia mbili.

"Umesoma vizuri?"

"Soma mwenyewe."

Dada Dobi akasoma. Midomo yake ilikwenda bila sauti. Kisha akauliza kama mtu anayeuliza saa: "Mama alikuwa na umri gani vile?"

"Wako huu."

Mashuka yalipulizwa na upepo, yakajaa, yakalegea. Dada Dobi aliinuka, akachukua kanga safi kwenye kamba. "Njiti," alisema, "niangalizie mashuka. Mvua ikija, anua."

"Mimi nakuja nanyi," Njiti akasema. "Mkono wangu nao una kesi huko."

Mvua haikuja. Walikwenda watatu kwa miguu, polepole kwa ajili ya Dada, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Mama Futi alimwona dada yake akitembea bila kumsalimu kila mtu kwa utani.

Muuguzi hakugomba. Alimpima kwa mashine ya zahanati, akamwita daktari, wakamweka chini ya uangalizi hadi namba ilipoanza kushuka. Ndipo akavuta kiti, kama alivyofanya siku ile na Mama Futi. Akamwambia dawa ya presha haing'oi, inashikilia. Ukiiachia bila kuuliza, presha inarudi, na hairudi na maumivu, haipigi hodi. Kijani ni habari njema kwamba umeshikilia vizuri. Hakikuambii uachie.

"Mbona simu haikusema hivyo?" Dada Dobi aliuliza.

Muuguzi alifikiri. "Tulidhani rangi zinajieleza," alisema. "Nitawaambia waliotengeneza. Lakini simu itasema kwa maneno ya simu. Wenzako wangekusikia wewe zaidi."

"Niwaambie nimewadanganya?"

"Waambie ulichoelewa. Kilichobaki utaamua."

Dawa zikarudi. Kundini Dada Dobi akanyamaza. Wenzake walimwuliza yuko wapi, vigelegele vimemmisi; hakujibu. Mama Futi aliyaona hayo na moyo ukamwasha. Angeweza kusema yeye. Lakini kuna wengine mle kundini ambao kijani chao alianza kukitilia shaka, na alijua kwamba wakimsikia mtu akifichuliwa, watazidi kujificha. Jioni moja alimpelekea Dada mashuka yaliyochanika aliyoyatia viraka, akamwambia mlangoni:

"Sitasema mimi. Nikisema mimi nitakuwa nimekuvua nguo, na kazi yangu ni kuvika. Ila wamo wanaofanya kama wewe, dada. Hilo ujue."

"Nani?"

"Sijui. Ndiyo shida."

Dada Dobi aliyapokea mashuka, akapitisha kidole juu ya viraka. "Havionekani," alisema, na ilikuwa sifa.

Asubuhi iliyofuata, kabla Mama Futi hajatia uzi kwenye sindano, simu ililia. Kwanza picha: mkono mnene, wa kahawia, unaong'aa maji, mkanda mpana ukikutana kwa shida. Kishimo cha kiwiko. Rangi nyekundu. Kisha sauti, na nyuma ya sauti nguo ikipigwa juu ya jiwe.

"Wenye Mishipa, mmeamkaje. Huu ndio mkono wangu. Ule mliokuwa mnaupigia vigelegele ni wa Njiti, msimkasirikie yeye, alinywa chai tu. Niliacha dawa. Niliona kijani nikasema nimepona. Sasa sikilizeni, mimi ni dobi, nitasema kidobi. Shuka likitakata leo, kuna dobi anayesema haya, sabuni basi, shuka limepona? Watu watalilalia tena usiku! Limetakata kwa sababu ya sabuni. Na damu ni hivyo, kila siku inalaliwa. Nimerudi kwenye dawa, bado ni nyekundu, muuguzi anasema itashuka taratibu. Na kama kuna mwenzangu humu aliyeazima mkono, aurudishe kwa mwenyewe. Sisemi nani. Nina nguo za kufua."

Kundi likanyamaza.

Mama Futi alikuwa amesimama katikati ya chumba, simu kifuani. Alijua kimya kile. Ndicho kilichomtisha dada yake. Akakumbuka kwamba kitambaa kikishakatwa kimekatika, ni kweli, lakini fundi mzuri anajua pia kukiunga mahali pengine, na watu wasione mshono. Akaleta simu mdomoni, akapiga kigelegele. Kwa nyekundu. Kirefu kuliko vyote alivyowahi kupiga, mpaka mwishoni sauti ikamkatika.

Kikajibiwa. Kimoja, cha wasiwasi, kisha kingine, kisha vikaja kama mvua inavyoanza kwenye bati. Halafu sauti ndogo ya mke wa fundi viatu: "Jamani, na mimi naruka siku. Vidonge navinywa kichwa kikiuma tu. Nani atanisindikiza zahanati?" Njiti akajibu wa kwanza, mayai yakigongana nyuma yake: "Nakuja. Mimi nimeshakuwa mwenyeji."

Desturi mpya ilizaliwa bila kikao. Siku hizi Wenye Mishipa hupigia kigelegele yeyote anayetuma mkono wake wa kweli, na rangi ikiwa nyekundu, mtu mmoja huenda mlangoni kwake siku hiyohiyo. Muuguzi aliomba ruhusa ya kuitumia sauti ya Dada Dobi kwa makundi ya mitaa mingine. "Iende," Dada Dobi alisema. "Ila msikate sehemu ya Njiti."

Mama Futi naye alikuwa na jambo lake. Aliwashonea wenzake blauzi ambazo mkono wake unafunguka kwa vifungo kutoka bega hadi kiwiko, ili mtu asihangaike kuvua wala asipimwe juu ya nguo. Ya Dada Dobi aliikata mwisho. Aliupima mkono ule, akaupima tena.

Ilikuwa siku ya kliniki, na Dada Dobi alikuwa ameivaa kwa mara ya kwanza. Benchi lilijaa. Kando ya dada hao wawili mwanamke mgeni, hawakumjua, ametoka mtaa wa mbali, alikuwa ameinamia simu akisikiliza sauti, na nyuma ya sauti nguo ilikuwa ikipigwa juu ya jiwe. …kuna dobi anayesema haya, sabuni basi, shuka limepona? Mgeni akatabasamu peke yake, akairudisha mwanzo.

Mama Futi hakugeuka. Alikaza macho ukutani mbele, kidole chake kikiviringisha ncha ya futi.

"Samahani, dada," Dada Dobi alimwambia yule mgeni. "Huyo unayemsikiliza unamjua?"

"Simjui. Lakini anasema kweli."

"Ni mimi." Akajinyoosha. "Na huyu hapa ni mdogo wangu, ndiye aliyeujua mkono kwa macho tu."

"Mkono gani?"

Muuguzi alikuwa ameshafika na mkanda mpana. Dada Dobi alianza kufungua vifungo vya blauzi, kimoja kimoja kutoka begani, taratibu, ili mgeni aone vizuri.